Bibi wa Meza ya Vizibo

Kila asubuhi, kabla watoto hawajafika, mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na chumba chake peke yake, na hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa akifungua madirisha, akifuta vumbi kwenye meza fupi, kisha akipanga vitu. Meza ya kwanza ilikuwa ya vizibo vya soda, rangi zote zimevurugwa makusudi ili awepo wa kuzitenganisha. Meza ya pili, trei la mchanga laini wa kuandikia herufi kwa kidole. Meza ya tatu, vibao vyenye matundu pamoja na kamba za viatu za kupitisha humo. Karibu na mlango kulikuwa na beseni la maji na vikombe, vikubwa kwa vidogo, na juu ya kabati, mbali na wenye pupa, mfuko wa kitambaa cheusi. Mtoto alitumbukiza mkono humo bila kuchungulia, akasema ameshika nini: kitu laini au cha kukwaruza, kizito au chepesi.

Watoto walimwita Mwalimu Vizibo, naye hakukasirika. Alikuwa mtu wa soni. Mbele ya watu wazima maneno yalimkwama kooni kama mfupa, lakini mbele ya watoto wa miaka sita aliongea mpaka akajishangaa.

Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti, anasawazisha mchanga kwa kiganja, mlango ukasukumwa bila hodi.

"Mwalimu, njoo umpokee mtu wako."

Alikuwa jirani yake, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Amemshika mtu kiwiko, na mtu huyo alikuwa mama yake mwalimu. Mama alikuwa na gauni la kulalia. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, wa pili mtupu, matope mpaka kwenye kifundo. Nywele alikuwa amezichana vizuri kabisa.

"Nimemkuta kule makutano ya barabara," fundi alisema huku akihema. "Katikati ya magari, mwanangu! Namuuliza, mama, unakwenda wapi? Ananiambia nimpishe, amechelewa kipindi."

"Nimechelewa kweli," Mama alidakia. "Na huyu amenichelewesha zaidi. Mdomo wake unakwenda kama cherehani."

Siku nyingine wangecheka wote watatu. Fundi hakucheka. Alimvuta mwalimu pembeni, karibu na beseni, akateremsha sauti.

"Nilikuahidi kumwangalia mchana, na nimejitahidi, Mungu ni shahidi. Lakini macho yangu yako kwenye sindano. Nikiinua kichwa, hayupo. Leo gari limefunga breki. Kesho je? Utanisamehe, mwanangu. Mimi nimefika mwisho."

"Hakuna shida," alisema mwalimu.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Paa lingemwangukia, angelisema akiwa chini ya mabati. Fundi alimtazama kidogo, akamshika bega, akaondoka na tepu yake, na mwalimu akabaki amesimama katikati ya darasa na mama yake, kengele ikiwa karibu kulia.

Mama mwenyewe alikuwa mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote, katika shule nyingine upande wa pili wa mji, kwa chaki, fimbo na sauti. Nusu ya watu wazima wa mji ule walijifunzia kuandika mikononi mwake, na hadi leo walipokutana naye njiani walinyoosha mgongo na kuficha sigara. Binti yake aliporudi kutoka chuoni na begi la vizibo, Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Chuo kizima mmekaa mnajifunza kuokota takataka?" Basi tangu hapo kila kazi ya binti ilikuwa na kejeli yake. Mchanga ulikuwa wa kuku. Udongo ulikuwa wa wafinyanzi. Kamba za viatu zilikuwa za mafundi viatu. "Na kusoma, wenzangu, watasoma lini?"

Kisha ugonjwa ulikuja, taratibu, kama mtu anayeingia chumbani kwa kunyata. Ulianza na funguo, ukaja kwenye sufuria zilizoachwa jikoni zikiungua, ukafika kwenye majina. Siku hizi Mama alimjua binti yake asubuhi, na mchana akimuuliza kama yeye ndiye mpangaji mpya.

Kaka yake mwalimu aliishi mji wa mbali, na mkewe, katika nyumba yenye chumba cha ziada. Kila Jumapili jioni alipiga simu. "Mama anaendeleaje? Nije nimchukue? Wifi yako ameshatandika kitanda." Na kila Jumapili mwalimu alijibu, "Tunaendelea vizuri, kaka. Hakuna shida." Hakusema hivyo kwa sababu hakumwamini kaka yake au wifi yake. Alikuwa na tamaa moja, aliyoificha hata kwa nafsi yake: kwamba Mama, ambaye hakuwahi kumsifia hata kwa nusu neno, sasa anamhitaji, na huenda siku moja, kabla akili haijazimika kabisa, akalisema. Mama akienda, nafasi hiyo imekwenda naye. Ila sasa fundi alikuwa amejitoa, na hapakuwa na mtu wa kukaa na Mama mchana. Ama mwalimu aache darasa, ama amwachie kaka Mama.

Alijaribu njia ya tatu.

Mwalimu mkuu alipomwona Mama amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, alisimama mlangoni mikono nyuma. Naye alikuwa mmoja wa wale aliowafundisha.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa adabu zote.

"Marahaba. Umechomekea shati?"

Mwalimu mkuu alijitazama kiunoni haraka, watoto wakaangua kicheko. Baadaye, nje kwenye kibaraza, alisema kwa upole, "Siku chache tu, mwalimu, mpaka utakapopata mtu. Na asikae karibu na maji." Hakusema ni siku ngapi, na binti hakuuliza.

Basi Mama akawa wa meza ya vizibo. Alikaa, akatenganisha vyekundu na vya kijani, vya njano na vyeupe, akavipanga mistari iliyonyooka kama paredi. Vikiisha, aliyevivuruga tena alikuwa binti, kimyakimya, kwa nyuma. Mtu aliyevicheka vizibo miaka yote sasa ndivyo vilivyomtuliza. Mwalimu alitaka kufurahia jambo hilo, lakini kila alipomwona mama yake ameinama, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama wa mtoto anayejitahidi, aligeuza macho upande.

Watoto hawakuona ajabu yoyote. Walimpokea kama mwanafunzi mgeni aliyehamia katikati ya muhula.

"Bibi, wewe uko darasa la ngapi?" msichana mmoja alimuuliza. Alikuwa ameng'oka meno manne ya mbele kwa mpigo, wenzake wakamwita Mapengo, naye akaupenda mwito huo hivi kwamba jina lake alianza kulisahau mwenyewe.

"Mimi ndiye mwalimu."

"Mbona hujui kupitisha kamba?"

Mama aliitazama kamba mkononi, akakitazama kibao chenye matundu. "Kamba hii imeharibika," alisema.

"Haijaharibika, Bibi. Unaanzia huku. Chini, juu, chini, juu. Ngoja! Usivute kwanza!" Kisha Mapengo akamgeukia mwalimu na kusema kwa huruma ya mtu mzima, "Mwalimu, huyu tumpe muda."

Siku ya mfuko mweusi, kila mtoto aliingiza mkono na kusema lake. Jiwe! Pamba! Kijiko! Ilipofika zamu ya Mama, aliuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho, darasa zima likanyamaza kumsubiri.

"Chaki," alisema.

Alikitoa. Kilikuwa kipande cha kijiti. Akaingiza tena. "Chaki." Kifungo cha koti. "Chaki." Watoto walivunjika mbavu. Mama naye akacheka kwa sababu wao walicheka, na mwalimu akageukia ubaoni akawa anafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Siku zilipita hivyo. Hazikuwa nzuri, ila zilipita. Jumapili simu ililia, jibu likawa lilelile.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mvua. Watoto hawakutoka nje, darasa lilijaa kelele, na mwalimu alikuwa mlangoni anajaza maji kwenye beseni kwa jagi, kwa sababu wavulana wawili walikuwa wanagombea kama chupa nyembamba inabeba maji mengi kuliko bakuli. Hakuna aliyeona Mama anainuka kwenye vizibo vyake. Alikwenda meza ya mchanga. Mapengo alikuwa pale, anaandika herufi kwa kidole, anaimba peke yake. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto, kama siku zote.

Mwalimu alipoinua kichwa, Mama alikuwa amesimama nyuma ya mtoto, mgongo umenyooka, kidevu juu. Alikuwa mama wa zamani. Ameukamata ule mkono wa kushoto, ameupeleka chini ya paja la mtoto.

"Ukalie," Mama alisema, kwa sauti ya chini isiyo na hasira yoyote. "Mkono huo ni wa kukalia."

Mtoto aliukalia. Mama akashika kifundo cha mkono, akakandamiza.

Mwalimu aliona yote. Jagi lilikuwa mkononi mwake, na mkono huo ulikuwa wa kushoto. Alilijua neno lile. Alilijua kutoka mezani kwao nyumbani, jioni baada ya jioni, na kutoka kwenye ule utepe wa kitambaa uliofunga mkono wake kwenye mguu wa kiti, ili asisahau. Alikuwa amenyooshwa. Leo aliandika kwa kulia, mwandiko mzuri wa kupigiwa mfano, ingawa kisu, mkasi na kitana bado alivishika kwa kushoto pale ambapo hakuna anayemtazama. Alitakiwa kupiga kelele. Alitakiwa kukimbia hatua chache tu. Miguu haikusogea. Alisimama akamwangalia mama yake kama alivyomwangalia zamani, akisubiri amalize.

Mapengo hakulia. Aliuma mdomo kwa meno aliyobaki nayo, machozi yakamtiririka bila sauti, akaandika kwa mkono wa kulia mistari iliyopinda.

Mvulana wa chupa ndiye aliyepiga ukelele. "Mwalimu! Bibi anamvunja Mapengo mkono!"

Hapo ndipo jagi lilipoanguka.

Walipotenganishwa, kifundo cha mtoto kilikuwa kimeanza kuvimba. Mwalimu mkuu mwenyewe alimkimbiza zahanati. Mama alikaa kwenye kiti kidogo, amekasirika, anakung'uta mchanga kwenye sketi.

"Unaniharibia mtoto," alimwambia binti yake. "Wa namna hii wananyooka. Inataka uvumilivu tu. Nilikuwa naye mmoja kama huyu, wa kwangu mwenyewe wa kumzaa. Nilimnyoosha."

Mwalimu alichuchumaa mbele yake. "Alikuwa analia?"

"Nani?"

"Huyo wa kwako."

Mama alifikiri. Alifikiri kwa bidii, uso umekunjamana. "Hakulia hata siku moja," alisema. "Hakuwa na maneno yule mtoto. Sijui hata alikwenda wapi."

Mchana alikuja mama yake Mapengo. Alikuwa msusi, mikono yake bado inang'aa mafuta ya nywele, mtoto amemshika upindo wa nguo, bandeji kutoka kwenye vidole mpaka katikati ya mkono. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nilimleta kwako, mwalimu, kwa sababu niliambiwa kwako watoto hawaumizwi," alisema. "Nilimhamisha kutoka shule ya karibu na nyumbani kwa ajili hiyo. Kule walikuwa wanamfanyia hivihivi."

"Samahani, mama."

"Samahani ni ya nani? Yako au ya yule mgonjwa? Yule simlaumu, yule hajui. Nakuuliza wewe. Ulikuwa wapi?"

Mwalimu alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, lilikuwa fupi, ila halikutoka. Msusi alisubiri mpaka akachoka kusubiri, akamshika mwanawe mkono mzima, wakaenda zao. Mapengo aligeuka getini akapunga ile bandeji, na hilo ndilo lililomuumiza mwalimu kuliko maneno yote.

Mwalimu mkuu alimpa ruhusa ya wiki. "Panga mambo ya nyumbani," alisema, akiutazama ukingo wa meza. "Ukirudi, urudi peke yako. Ukiona huwezi kurudi, mwalimu, niambie mapema nitafute mtu."

Wiki ile walikaa wawili nyumbani, Mama na binti, mvua ikigonga mabati. Mwalimu alileta kopo la vizibo, akavimwaga mezani. Mama alivitazama, akavifagia kwa mkono vyote vikatawanyika sakafuni. Akaleta trei la mchanga. Mama akauonja, akatema. Bila watoto, vitu vile havikuwa na maana yoyote, vilikuwa takataka kweli, kama alivyosema zamani. Alikaa tu akishika tama, akiuliza kama kengele imelia. "Bado, Mama." Baada ya muda: "Kengele imelia?" "Bado, Mama."

Usingizi uliwapotea wote. Mama aliamka akafungua makabati, binti akaamka kuyafunga. Ilipofika siku ya nne, mwalimu alikuwa anatembea kama mtu aliyelewa, macho yamemwiva.

Asubuhi hiyo alimketisha Mama kitandani ili amvalishe. Gauni lilikuwa la vifungo mbele. Alifunga cha kwanza, Mama akakifungua. Akakifunga tena, akafunga cha pili. Mama akavifungua vyote viwili kwa vidole vyepesi, vidole vilivyoshindwa kamba ya kiatu.

"Mama, acha."

Akafunga. Mama akafungua.

"Mama, nakuomba."

Akafunga. Mkono ukapanda tena.

Aliudaka. Aliudaka hewani, akaushusha, akausukuma chini ya paja la Mama, akakandamiza. Hakukandamiza kwa kumzuia tu. Alikandamiza kwa nguvu zake zote, meno yameuma, mpaka akausikia mfupa mwembamba ukisogea ndani ya ngozi, na moyoni mwake, kwa dakika ile, hakukuwa na huruma hata chembe. Kulikuwa na raha. Raha ndogo, kavu, ya kumpata mtu uliyemvizia muda mrefu.

Mama hakuvuta mkono. Aliacha kupigana. Mgongo wake uliinama, macho yakashuka sakafuni.

"Samahani, mwalimu," alisema Mama, kwa sauti ya mtoto.

Binti alimwachia kama aliyeshika kaa la moto. Kwenye kifundo cha Mama kulibaki alama za vidole, nyeupe kwanza, kisha nyekundu. Alizitazama zikibadilika rangi. Alitaka kupiga magoti, amkumbatie, alie, aombe radhi, yafanywe yale yanayofanywa. Lakini Mama alijikunyata pembeni alipomwona anasogea, naye akasimama palepale.

Alikwenda jikoni kwa sababu ndiyo sehemu nyingine iliyokuwepo. Simu ilikuwa juu ya friji. Haikuwa Jumapili, na tangu ugonjwa uanze hakuwahi kumpigia kaka yake yeye kwanza. Alisubiri kupigiwa, ajibu, akate.

Simu iliita kidogo tu.

"Dada! Kuna nini, mbona leo? Mama mzima?"

Nyuma ya sauti ya kaka kulikuwa na kelele za kazini, watu wanaitana, kitu kinapigwa nyundo.

"Mama yupo."

"Wewe je? Sauti yako vipi? Ni yale ya shule? Mwalimu mkuu wako alinipigia, usimkasirikie. Mambo kama hayo hutokea, mgonjwa ni mgonjwa. Mtapata msaidizi tu. Mimi nitachangia, usiwe na wasiwasi. Au siyo?"

Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Alitakiwa kusema ndiyo, kaka, tutapata mtu, hakuna shida, na maisha yangeendelea mpaka Jumapili. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona Mama bado amekaa kitandani, gauni limefungwa kifungo kimoja, mkono bado ameukalia, kwa sababu hakuna aliyemwambia autoe.

"Dada? Upo?"

"Toa mkono, Mama," alisema kwa sauti. "Toa. Usiukalie."

Mama alimtazama bila kuelewa.

"Unaongea na nani?" kaka aliuliza.

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Mfupa uleule ulikuwa mahali palepale, lakini safari hii hakusubiri uondoke.

"Kaka, njoo umchukue Mama. Njoo leo kama unaweza. Usiniulize habari ya msaidizi, sitaki msaidizi. Ninamwogopa. Nimemwogopa tangu nikiwa mdogo, na nina hasira naye, na sasa hivi, hapa, nimemshika mkono nikamuumiza, na nilijua ninachofanya."